Funguo Thelathini na Saba

Vita vilikwisha Novemba. Njaa haikupewa taarifa.
Kufikia Julai, hapa kwetu Romagna,
yai la asubuhi halikuwa bei moja na yai la adhuhuri,
na kuku ni yule yule.

Mimi Argia, mchemsha vifukofuko kiwanda cha hariri,
vidole vimechunika kwa maji ya moto.
Jumamosi nilipokea mshahara,
nikaupeleka sokoni,
ukarudi kitunguu.

Wanasema ilianza kwa Zelinda.
Aliuliza bei ya mafuta. Akauliza tena, kama kiziwi.
Kisha akainyanyua mizani ya Casadei kwa mikono miwili
akaibwaga sakafuni,
na mawe yake yakabiringika hadi mtaroni.
Hakusema neno. Neno tulilisema sisi,
kwa vioo vya madirisha.
Mvinyo ukateremka barabara kama umeitwa,
wazee wakauinamia na vikombe,
mbwa wa kinyozi akalewa mbele ya kanisa.

Jioni wenye maduka walikuja wenyewe,
kofia mkononi, Nyumba ya Wafanyakazi:
“Shikeni funguo. Afadhali nyinyi kuliko mawe.”
Kwa kuwa najua kuandika, nikaketishwa mezani
na uzi na vipande vya kadibodi.
Viatu: Ravaioli.
Chumvi na tumbaku: mjane Bendandi.
Samaki mkavu, mishumaa, vikorokoro: Settimio.
Thelathini na saba.
Vyuma bado vina joto la mifuko ya watu.
Kumbe mji mzima unaenea ndani ya karai.

Tukaandika milangoni kwa chaki: NUSU BEI.
Siku tano.
Sijawahi kuona watu wakipanga foleni huku wanacheka.
Mtoto wa jirani, Ribelle, alinunuliwa viatu,
akalala navyo.

Siku ya tatu nilitumwa kuhesabu bidhaa kwa Settimio.
Chini ya kaunta, chini ya gunia la maharage,
nikaliona daftari la madeni.
Sikulitafuta. Mkono ulifungua.
Mei, mwaka wa kumi na tano, mwandiko wa kubana:
*Olindo, wa Argia. Kamba za viatu, jozi moja. Hajalipa.*

Alizinunua usiku ule wa kuondoka.
Nakumbuka alivyozifunga, mafundo mawili mawili,
mguu juu ya kiti changu.
Kwa kamba zile alikwenda mpaka mto Isonzo.
Huko hazikumrudisha.

Ningeweza kuuchana ukurasa. Ufunguo nilikuwa nao mimi.
Nikatoa senti, nikahesabu nusu,
nikaziweka juu ya jina lake, nikafunga daftari.
Chaki mlangoni ilisema nusu bei.
Haikubagua walio hai.

Siku ya sita treni ilileta askari.
Tulitazamia mijitu; wakashuka vijana wenye majipu shingoni,
mmoja akaninong'oneza, bunduki begani,
kama mafuta ya nusu bei yamebaki,
ampelekee mama yake.
Yalikuwa yamekwisha.

Wenye maduka wakaja kuchukua chao.
Wengine walishukuru. Ravaioli alitema mate.
Settimio aliupangusa ufunguo kwa aproni
kana kwamba ulikuwa na homa.
Wiki ile ile akaniita dukani,
akalilaza daftari mbele yangu, kidole kwenye mstari,
na mimi nikasoma wino mbichi:
*Imebaki nusu.*

Nilimlipa. Msiniulize kwa nini.
Labda sikutaka jina la Olindo
liendelee kulala chini ya maharage.

Ufunguo mmoja haukuja kuulizwa, wa mjane Bendandi.
Alikwenda kwa dada yake milimani, hakurudi.
Ninao hadi leo, na kadibodi yake, na mwandiko wangu.
Mlango wenyewe tuliuota moto Januari,
mimi na Zelinda na mama yake Ribelle.
Ulikuwa mninga wa zamani, mkavu.
Uliwaka usiku mzima.